Mkojo unapovuja: Namna ya kukinga kibofu wakati wa upasuaji

KUNA maradhi ambayo mtu huyatangaza, na kuna mengine ambayo huyaficha hata kwa ndugu yake wa toka nitoke. Kuvuja mkojo ni mojawapo ya hayo yanayofichwa.

Mwanamke anayesumbuliwa na tatizo hili hujua kila choo kilichoko kati ya nyumbani na kazini. Huketi nyuma kanisani ili atoke upesi, huepuka safari ndefu za matatu, huvaa nguo nyeusi na kubeba pedi mkobani ilhali hedhi ilikoma miaka mingi. Akicheka, akikohoa, akipiga chafya au akiinua mtungi wa maji, mkojo humponyoka.

Wengi huambiwa na mama zao au majirani kwamba ndivyo alivyo kila mtu aliyezaa. Ni kweli kwamba tatizo hili huwapata wengi, hasa waliojifungua mara kadhaa na wale waliokoma hedhi. Lakini si kweli kwamba ni lazima livumiliwe hadi kaburini. Tiba ipo, na kwa baadhi ya akina mama tiba hiyo ni upasuaji.

Hapo ndipo hofu huanza. Swali ambalo wagonjwa huniuliza mara nyingi ninapowaandikia barua ya kwenda kwa mpasuaji ni hili: "Daktari, je, wakikata hapo hawatakitoboa kibofu chenyewe?"

Ni swali la busara, nalo linastahili jibu la wazi. Ndiyo, kibofu kinaweza kujeruhiwa wakati wa upasuaji huu. Hata hivyo, hatari hiyo inaweza kupunguzwa sana. Aidha, jeraha likionekana mgonjwa akiwa bado mezani, kwa kawaida hutibiwa papo hapo na kupona bila kuacha madhara. Jeraha la kuogopwa ni lile ambalo halikuonekana.

Makala haya yanaeleza jinsi madaktari wanavyokikinga kibofu, na yale ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuyafanya ili kuwasaidia.

AINA MBILI ZA KUVUJA

Kabla ya kuzungumzia kisu, ni muhimu msomaji afahamu kwamba mkojo huvuja kwa njia mbili kuu, na tiba zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni mkojo kuponyoka tumbo linapokazwa, kama vile mtu anapokohoa, kucheka, kukimbia au kuinua mzigo. Hutokea kwa sababu misuli na nyama zinazoushikilia mrija wa mkojo zimelegea. Kuzaa, uzito mkubwa wa mwili, kikohozi cha muda mrefu na umri huchangia.

Njia ya pili ni ya haja ya ghafla. Mtu hubanwa na mkojo mara moja, na kabla hajafika chooni umeshatoka. Hapa kosa si la mrija bali ni la kibofu chenyewe, ambacho hujikaza bila kuambiwa.

Upasuaji tunaouzungumzia leo hutibu ile njia ya kwanza. Mwanamke mwenye tatizo la pili akipasuliwa kwa ajili ya la kwanza, huenda akatoka hospitalini akiwa hana nafuu, au hali ikawa mbaya zaidi. Wapo pia wenye matatizo yote mawili kwa pamoja. Kwa hivyo, kinga ya kwanza kabisa ya kibofu ni kuhakikisha kwamba upasuaji wenyewe unahitajika.

KABLA YA KISU

Mama yeyote anayevuja mkojo apimwe kwanza mkojo wake ili kuona kama una vijidudu, na apimwe pia sukari. Maambukizi ya mkojo na ugonjwa wa kisukari huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi, na yote mawili yana tiba yake.

Baada ya hapo huja mazoezi ya kuimarisha misuli ya chini ya nyonga. Bana misuli kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja, hesabu hadi tano, kisha achilia. Fanya hivyo angalau mara nane kwa mfululizo, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Usikaze tumbo wala makalio, na usizuie pumzi. Wengi huacha baada ya wiki mbili wakisema hayafai, ilhali misuli haikupewa muda.

Kupunguza uzito pia husaidia. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 uliwafuata wanawake 338 wanene waliokuwa wakivuja mkojo. Waliopunguza asilimia 8 hivi ya uzito wao katika miezi sita walipungukiwa na visa vya kuvuja kwa karibu nusu.

Ni pale hatua hizi zinaposhindwa, na mama mwenyewe akaona kwamba maisha yake yameharibika, ndipo upasuaji hufikiriwa. Tatizo hili haliui, na kwa sababu hiyo hakuna haja ya kukimbizwa. Mama ana wakati wa kutosha wa kuuliza, kulinganisha na kuamua.

KIBOFU KIMEKAA WAPI?

Ili kuelewa kwa nini kibofu hujeruhiwa, ni vyema kujua mahali kilipo. Kibofu ni mfuko wa misuli uliokaa nyuma ya mfupa wa kinena, mbele ya nyumba ya uzazi na juu ya uke. Mtu mzima huweza kubeba karibu nusu lita ya mkojo humo.

Kikiwa kitupu, kibofu hujikunja na kulala chini, nyuma ya mfupa. Kikijaa huvimba na kupanda tumboni. Kati yake na mfupa kuna nafasi nyembamba yenye mafuta na mishipa ya damu.

Sasa, mrija wa mkojo unaohitaji kutegemezwa unaanzia chini ya kibofu hicho hicho. Mpasuaji anayetaka kuushika mrija hana budi kupita kando ya kibofu, mara nyingine kwa umbali mdogo kuliko upana wa kidole. Hiyo ndiyo sababu hata daktari hodari anaweza kukigusa.

AINA ZA UPASUAJI

Kuna aina kadhaa, na hatari kwa kibofu hutofautiana baina yao.

Aina ya kwanza ni kushona. Daktari wa Marekani, John Burch, aliieleza mwaka 1961. Tumbo hufunguliwa chini karibu na kinena, au vitundu vidogo hutobolewa na kamera kuingizwa, kisha nyama zilizo kando ya shingo ya kibofu hushonwa na kuinuliwa hadi kwenye kano ngumu iliyo nyuma ya mfupa. Mpasuaji huona anachokifanya, lakini uzi unaweza kupenya ndani ya kibofu au kuuvuta mfereji uletao mkojo kutoka kwenye figo.

Aina ya pili ni kutumia ukanda wa mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ukanda huo hukatwa kutoka kwenye utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo au paja, kisha huzungushwa chini ya mrija wa mkojo mithili ya kombeo na kuutegemeza.

Aina ya tatu ni utepe wa plastiki. Ulielezwa na Profesa Ulf Ulmsten wa Sweden na wenzake mwaka 1996. Mkato mdogo hufanywa ukeni, kisha sindano mbili ndefu zilizopinda hupitishwa nyuma ya mfupa, moja kila upande, na kutokea juu ya kinena zikiuvuta utepe. Upasuaji huu ni mfupi, na wengi hurejea nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini sindano hupita gizani. Mpasuaji huongozwa na mkono wake na ujuzi wake, kwani haioni ncha ya sindano inapopita kando ya kibofu.

Aina ya nne pia ni ya utepe, ila sindano hupitishwa pembeni kuelekea mapajani badala ya nyuma ya mfupa. Ilielezwa na daktari wa Ufaransa, Delorme, mwaka 2001, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kukiepuka kibofu.

TAKWIMU ZASEMAJE?

Mwaka 2002 madaktari wa Uingereza na Ireland walichapisha matokeo ya utafiti uliolinganisha utepe unaopita nyuma ya mfupa na upasuaji wa kushona. Kibofu kilitobolewa kwa karibu wanawake 9 katika kila 100 waliowekewa utepe, na 2 katika kila 100 walioshonwa.

Mwaka 2010 utafiti mwingine wa Marekani ulilinganisha njia mbili za utepe kwa wanawake 597. Kati ya wale ambao sindano ilipita nyuma ya mfupa, 15 walitobolewa kibofu, yaani 5 katika kila 100. Kati ya wale ambao sindano ilipita mapajani, hapana hata mmoja.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba njia ya mapajani basi ndiyo bora kwa kila mtu. Katika utafiti huo huo, ganzi na udhaifu wa miguu viliwapata zaidi wale waliopitishiwa mapajani: 9 katika kila 100, dhidi ya 4 katika kundi la pili. Kila njia ina bei yake.

Aidha, utepe wa plastiki una kesi yake ya pekee. Baadhi ya wanawake ulimwenguni wamepata maumivu ya kudumu, au utepe ukapenya ukeni au kwenye mrija wa mkojo, na kuutoa ni kazi ngumu. Malalamiko yalipozidi, England ilisimamisha matumizi yake mwezi Julai 2018 hadi masharti ya usalama yatimizwe. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Julia Cumberlege ilitolewa Julai 2020, nayo ililaumu jinsi wanawake walivyopuuzwa waliposema kwamba wanaumwa.

Kwa hivyo, mama anayeambiwa atawekewa utepe ana haki ya kuelezwa pia kuhusu njia zisizotumia plastiki.

NI NANI ALIYE HATARINI ZAIDI?

Hatari ya kutobolewa kibofu si sawa kwa kila mtu. Huongezeka pale palipo na makovu. Mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, na hasa aliyewahi kufanyiwa upasuaji mwingine wa kuzuia mkojo, huenda kibofu chake kimegandamana na mfupa au na ukuta wa tumbo. Ile nafasi nyembamba iliyotajwa hapo juu huwa imeziba, na sindano haina pa kupita ila kwenye kibofu.

Mathalani, mama wa miaka 48 mwenye watoto wanne, wawili kati yao wakiwa wamezaliwa kwa upasuaji, si sawa na jirani yake wa umri huo huo ambaye watoto wake wote walipita njia ya kawaida. Daktari anayejua hivyo mapema huchagua njia nyingine, au hujiandaa kwa uangalifu zaidi.

Wengine wanaohitaji uangalifu mkubwa ni wale waliowahi kuugua fistula. Hapa Kenya, kama kwingineko Afrika, wapo akina mama ambao tundu lao lilizibwa barabara na bado wanavuja mkojo wanapokohoa, kwa sababu misuli ya mrija iliharibika wakati wa uchungu wa muda mrefu. Nyama zao zimejaa makovu na damu haifiki vizuri. Upasuaji wa pili kwao ni kazi ya mtaalamu wa fistula, na utepe wa plastiki haufai mahali palipokuwa na tundu kwenye mrija wa mkojo.

Hatari pia hutegemea mkono unaoshika sindano. Mpasuaji anayefanya kazi hii mara kwa mara hutoboa vibofu vichache kuliko yule anayeifanya mara moja moja kwa mwaka. Anayejifunza anapaswa kusimamiwa na aliyebobea.

JINSI MPASUAJI ANAVYOKIKINGA KIBOFU

Kazi ya kukikinga kibofu huanza kabla mgonjwa hajalazwa mezani. Mkojo hupimwa na maambukizi hutibiwa, kwani kibofu chenye uvimbe huumia upesi na hupona polepole.

Mgonjwa akishapewa ganzi au nusukaputi, mpira wa mkojo, yaani katheta, huingizwa na kibofu hukamuliwa mpaka kiwe kitupu kabisa. Hatua hii yaonekana ndogo lakini ina uzito mkubwa. Kibofu kitupu hulala chini nje ya njia ya sindano, ilhali kilichojaa husimama katikati ya njia hiyo.

Katika upasuaji wa utepe, waya mgumu ulionyooka huweza kuingizwa ndani ya mpira huo. Kwa kuuelekeza waya, msaidizi huisogeza shingo ya kibofu upande wa pili wakati sindano inapopita. Sindano ikipita kulia, kibofu huwa kimesogezwa kushoto, na kinyume chake.

Wapasuaji wengi pia hudunga maji ya chumvi, mara nyingine yakiwa na dawa ya ganzi, katika ile nafasi kati ya mfupa na kibofu. Maji hayo huitanua nafasi na kukisukuma kibofu mbali na mfupa.

Kisha sindano yenyewe hupitishwa ikiwa imeusugua mgongo wa mfupa wa kinena njia nzima. Ikiuacha mfupa na kuelea nyuma, huingia kwenye kibofu. Ikipotoka kwenda pembeni, huweza kukuta mishipa mikubwa ya damu.

Katika upasuaji wa kufungua tumbo, mpasuaji hukitenga kibofu polepole kwa kidole na kwa mkasi, hasa palipo na makovu. Huweza pia kukijaza maji yenye rangi ya buluu kupitia kwenye mpira. Rangi ikionekana inatiririka, basi kuna tundu, nalo hushonwa hapo hapo.

DARUBINI NDIYO SHAHIDI

Hatua zote hizo hupunguza hatari, lakini haziiondoi. Ndiyo maana kuna hatua ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote: kutazama ndani.

Darubini nyembamba yenye taa huingizwa kupitia kwenye mrija wa mkojo hadi ndani ya kibofu. Kibofu hujazwa maji, angalau mililita 300, ili mikunjo yake yote inyooke, kwani sindano huweza kujificha ndani ya mkunjo. Lenzi inayotazama pembeni hutumiwa kukagua kuta za juu na za kando, mahali ambapo sindano hupenda kutokeza. Mpasuaji huangalia pia kama mkojo unatiririka vizuri kutoka kwenye mifereji yote miwili ya figo, na anapotoka huukagua mrija wenyewe.

Uchunguzi huu huchukua dakika chache tu. Hufanywa sindano zikiwa bado zimo mwilini, kabla utepe haujavutwa na kuachwa. Ikionekana sindano imekitoboa kibofu, huchomolewa, hupitishwa upya mahali pengine, na darubini hurudishwa kuhakikisha. Tundu la sindano hujiziba lenyewe. Mgonjwa huachiwa mpira wa mkojo kwa siku moja au mbili, au zaidi kidogo, kisha huenda zake nyumbani.

Likiwa ni jeraha kubwa la mkasi au kisu, hushonwa na mpira huachwa kwa siku 7 hadi 14 ili kibofu kipumzike kikipona. Ikiwa ni mrija wa mkojo uliotobolewa, utepe wa plastiki hauwekwi siku hiyo. Jeraha hutengenezwa kwanza, na mambo mengine husubiri.

Linganisha hayo na yanayompata mwanamke ambaye hakutazamwa. Utepe hubaki umepita katikati ya kibofu. Mkojo huchoma, damu huonekana, na maambukizi hurudi kila anapomaliza dawa. Chumvi za mkojo hujikusanya juu ya plastiki na kuwa mawe. Mwanamke huyo huweza kuzunguka kliniki hii na ile kwa miezi, hata miaka, akipewa vidonge vya maambukizi, kabla ya mtu kufikiria kukagua ndani ya kibofu chake. Hatimaye hupasuliwa tena, mara hii upasuaji mkubwa kuliko wa kwanza. Jeraha lililosahauliwa huweza pia kugeuka fistula, na mkojo ukawa unatoka ukeni mchana na usiku.

Ni kwa sababu hii Chama cha Madaktari wa Mfumo wa Mkojo cha Marekani kimependekeza kibofu kikaguliwe kwa darubini katika kila upasuaji wa kombeo. Hapa kwetu, si kila hospitali yenye chumba cha upasuaji ina darubini hiyo. Ni heri kusubiri miezi miwili na kusafiri hadi hospitali iliyo nayo, kuliko kupasuliwa karibu na nyumbani bila shahidi.

WAJIBU WA MGONJWA

Mgonjwa si gunia la kubebwa. Yapo mambo ambayo ni yeye tu anayeyajua, na akiyaficha anaihatarisha nafsi yake.

Mweleze daktari kila upasuaji uliowahi kufanyiwa tumboni au ukeni, hata kama ni wa miaka 20 iliyopita. Taja idadi ya watoto na namna walivyozaliwa. Taja kama uliwahi kuugua fistula, kupigwa miale kwa ajili ya saratani, au kuona damu kwenye mkojo. Taja dawa zote unazomeza, hasa zile za kuifanya damu iwe nyepesi, na pia za miti shamba. Ukiwa na karatasi ya hospitali ya zamani, njoo nayo.

Kisha uliza maswali haya bila aibu:

1. Je, aina ya kuvuja niliyo nayo ni ile inayotibiwa kwa upasuaji?

2. Utatumia njia gani, na kuna njia gani nyingine, pamoja na zile zisizotumia plastiki?

3. Umeshawafanyia wagonjwa wangapi upasuaji huu, na ni wangapi walipata jeraha la kibofu?

4. Je, utatazama ndani ya kibofu kwa darubini kabla sijatoka mezani?

5. Kukitokea jeraha, ni nani atakayelitengeneza, na je, mtaalamu wa mfumo wa mkojo yuko karibu?

6. Nitakaa na mpira wa mkojo kwa muda gani?

7. Nikipata shida usiku baada ya kurudi nyumbani, nimpigie nani simu?

Daktari mwema hatakasirika. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na inataka aelezwe kwa lugha anayoielewa kadiri inavyowezekana. Karatasi ya idhini isitiwe sahihi kabla ya maelezo hayo kutolewa. Ni vyema kwenda na mume, dada au rafiki, kwani masikio manne husikia zaidi ya mawili.

Kuhusu fedha, uliza mapema hospitalini ni gharama zipi zitakazolipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024, na zipi zitatoka mfukoni mwako. Uliza hasa kama uchunguzi wa darubini umo kwenye hesabu hiyo.

DALILI ZA HATARI NYUMBANI

Mkojo wenye wekundu kidogo siku ya kwanza si jambo la kutisha. Lakini rudi hospitalini mara moja, bila kungoja siku ya kliniki, ukiona mojawapo ya haya:

Mkojo kukataa kutoka, au kutoka matone tu, ilhali unakunywa maji ya kutosha.

Damu nyingi au mabonge ya damu kwenye mkojo.

Tumbo kuvimba na kuuma zaidi kila saa, au maumivu makali ya kiuno upande mmoja.

Homa, kutetemeka au kutapika.

Mkojo kutoka ukeni au kwenye kidonda bila wewe kuhisi haja.

Na hata baada ya miezi au miaka, mwanamke aliyewahi kuwekewa utepe ambaye anapata maambukizi ya mkojo mara kwa mara, au anayeona damu, amkumbushe daktari kuhusu upasuaji huo na aombe kibofu kikaguliwe kwa darubini. Sisi madaktari wa kliniki za mitaani tuna wajibu wa kuuliza pia. Mwanamke anayerudi mara ya tatu na shida ile ile asipewe tu dawa ya nne. Aulizwe kama aliwahi kupasuliwa, na wapi.

Ukipewa mpira wa mkojo uende nao nyumbani, uache mfuko wake uwe chini ya usawa wa kiuno, usiukunje wala kuukalia, na nawa mikono kabla ya kuushika. Mpira ukiziba, usiuvute mwenyewe. Rudi hospitalini. Kwa wiki sita hivi usiinue vitu vizito, na mweleze mume kwamba tendo la ndoa litangoja mpaka daktari atoe ruhusa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama anayevuja mkojo na kunyamaza hujinyima tiba iliyopo, na anayepelekwa kupasuliwa na kunyamaza hujinyima kinga iliyopo. Kama una miadi na mpasuaji mwezi huu, yakate maswali hayo saba gazetini na uyatie mkobani.